Mikataba ya chanjo za Korona ilifichwa: ilikuwa inamlinda nani?

1. Wakili wa Pwani

Salaam wanabodi.

Nimemaliza kuisoma mikataba ambayo serikali ya Afrika Kusini iliingia na watengenezaji wa chanjo za Korona, na naona inafaa tuijadili kwa utulivu, kwa kuwa ni nchi chache mno ambazo raia wake wamewahi kuona nyaraka za aina hiyo. Haikutolewa kwa hiari. Asasi ya Health Justice Initiative ilifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Pretoria, ikashinda Agosti 2023, na mwezi uliofuata mikataba ikawekwa hadharani. Wizara ya Afya ilikuwa imejitetea kwamba imebanwa na vifungu vya usiri, na mahakama haikuukubali utetezi huo.

Yaliyomo yanaumiza. Dozi moja ya Johnson & Johnson iliuzwa kwa dola 10, ilhali Umoja wa Ulaya uliipata kwa dola 8.50. Chanjo ya AstraZeneca iliyotengenezwa na Serum Institute ya India iliuzwa kwa dola 5.35, zaidi ya mara mbili ya bei waliyolipa Wazungu. Johnson & Johnson ilidai malipo ya awali ya dola milioni 27.5 ambayo hayarudishwi hata mzigo ukichelewa. Serikali ilikubali kubeba yenyewe mzigo wa fidia endapo mtu angedhurika, na kuna masharti yaliyoibana isizuie chanjo kusafirishwa nje.

Hoja yangu ni kwamba janga linapoingia, suala la nani achanjwe na lini huamuliwa kwanza katika meza ya biashara, kisha wizara za afya hutumwa kulitangaza kwa lugha ya kitabibu. Mwenye kuona vingine aseme.

2. Mzee wa Mlalo

Wakili, umetuletea vifungu kabla hatujapata hata chai, lakini ahsante. Swali langu ni moja. Serikali yenye wanasheria wake, mahakama zake na viwanda vyake iliwezaje kusaini kitu kama hicho? Afrika Kusini si nchi ya kuonewa kirahisi. Kama wao walisaini, sisi wengine tulisaini nini?

3. Kaka wa Durban

Mzee, nilikuwa huku wakati huo, kwa hiyo naomba nijibu. Walisaini kwa sababu watu walikuwa wanakufa na hapakuwa na muuzaji mwingine wa kumkimbilia. Wakati wa wimbi la Delta, katikati ya 2021, mtaani kwetu kila wiki kulikuwa na hema la msiba. Jirani yangu, mama wa makamo aliyekuwa akisafisha ofisi, alijiandikisha kupata chanjo kisha akakaa na simu mkononi akingoja ujumbe wa kuitwa. Ujumbe ulikuja baada ya mazishi yake, mwanawe alinionyesha.

Katika majira hayohayo kiwanda cha Aspen, kilichoko Gqeberha, kilikuwa kinajaza vichupa vya chanjo ya Johnson & Johnson, na Agosti mwaka huo magazeti yakafichua kwamba mamilioni ya dozi hizo zilikuwa zikipelekwa Ulaya, ambako watu wengi walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Chanjo inafungashwa ndani ya nchi, watu wa nchi hiyo wanazikwa, na mzigo unapita bandarini kwenda kwa wengine. Baada ya kelele kubwa utaratibu ukabadilishwa, lakini ni kelele iliyoubadilisha, si mkataba.

4. Fundi Maabara

Wakuu, poleni kwa misiba. Nakubaliana na sehemu ya hoja, ila naomba turekebishe mambo mawili ili tusijenge nyumba juu ya mchanga.

Kwanza, si kweli kwamba Afrika ililipa bei kubwa kuliko Ulaya kwa kila chanjo. Kwa Pfizer, Afrika Kusini ililipa dola 10 kwa dozi, wakati Umoja wa Ulaya ulianza na euro 15.50 na baadaye ukapandishiwa hadi 19.50. Waliokuwa na haki ya kulalamika hapo ni Waafrika Kusini wakijilinganisha na Umoja wa Afrika, ambao uliahidiwa chanjo hiyohiyo kwa dola 6.75.

Pili, uhaba wa 2021 haukutokana na wauzaji peke yao. Mpango wa COVAX, wa kimataifa wa kuzifikishia nchi chanjo hasa zile maskini, ulilenga kusambaza dozi bilioni 2 ifikapo mwisho wa mwaka huo, na sehemu kubwa ya matumaini ikawekwa kwa kiwanda kimoja cha Serum Institute mjini Pune. Kiwanda hicho kilikuwa na leseni halali ya AstraZeneca, kwa hiyo hapo hataza, yaani haki ya mgunduzi kuwazuia wengine kutengeneza alichogundua, haikuwa kizuizi. Kilichotokea ni kwamba mwezi Machi serikali ya India ilisimamisha usafirishaji kwa sababu watu wake wenyewe walikuwa wakikosa hewa, na haikufungua tena hadi Novemba. Dozi ya bilioni 1 ya COVAX ilifika katikati ya Januari 2022, katika shehena iliyoteremshwa Kigali. Huo ni uamuzi wa serikali, si wa mfanyabiashara.

5. Wakili wa Pwani

Mkuu Fundi, nimepokea marekebisho ya bei. Lakini hilo la pili linanipa nguvu. Kwa nini dunia nzima ya maskini iliwekwa kwenye kiwanda kimoja? Kwa sababu wenye ujuzi hawakutaka kuutoa kwa viwanda vingi. Tarehe 2 Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lisimamishe kwa muda haki za hataza zinazohusu Korona. Marekani iliunga mkono kwa upande wa chanjo Mei 2021, Ulaya ikaendelea kupinga, na uamuzi ukapatikana Juni 2022 ukiwa umepunguzwa mno, umebaki kwenye chanjo tu, wakati chanjo zenyewe zilikuwa zimeanza kuharibika maghalani kwa kukosa watu wa kuchanjwa. Mgonjwa hawezi kusubiri zaidi ya mwaka na nusu wakati watu wanabishana Geneva kuhusu mahali pa kuweka nukta.

Na hili halikuanza juzi. Mwaka 1998 kampuni za dawa, ambazo baadaye zilihesabiwa kuwa 39, ziliishtaki serikali ya Mandela kwa sheria iliyoruhusu kuagiza dawa za bei nafuu. Ziliiondoa kesi Aprili 2001 baada ya kuaibishwa ulimwenguni. Miezi michache kabla, Cipla ya India ilikuwa imetangaza kwamba inaweza kutoa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati matibabu hayohayo yalikuwa yakiuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Sisi tuliozika ndugu katika miaka ya tisini tunajua tofauti ya namba hizo mbili ni kitu gani.

6. Mhasibu Mstaafu

Hamjambo wote. Mimi ni wa Nairobi, na nimekaa katika idara za ununuzi serikalini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nawasikiliza mkiitazama Geneva na Pune, nami nawaomba mtazame pia ghalani kwetu.

Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alifanya ukaguzi maalumu wa shirika la serikali linalonunua dawa, KEMSA, kuhusu ununuzi wa Korona wa shilingi bilioni 7.8 za Kenya. Alikuta bidhaa zimenunuliwa bila bajeti iliyoidhinishwa, kwa bei za juu kuliko za sokoni, kutoka kwa kampuni ambazo nyingine zilikuwa changa kabisa, na sehemu kubwa ya mzigo imelala ghalani. Hapo hapakuwa na hataza ya mtu. Barakoa haina hataza, na glavu haina siri ya kisayansi.

Nieleze jinsi jambo hilo linavyokwenda, maana wengi huona matokeo tu. Katika hali ya kawaida zabuni hutangazwa, wazabuni hushindana, kamati hufungua bahasha mbele ya watu, na anayeshindwa ana nafasi ya kukata rufaa. Dharura ikitangazwa, sheria huruhusu ununuzi wa moja kwa moja. Ndipo inapoingia barua ya ahadi. Ofisa anamwandikia mfanyabiashara kwamba serikali inakusudia kununua kwake kiasi fulani kwa bei fulani, mfanyabiashara anaipeleka barua hiyo benki na kukopea, mzigo unaletwa, na sasa serikali imefungwa hata kama bei ya dunia imekwisha kuporomoka. Nimewahi kuishika barua ya namna hiyo, katika ofisi na mwaka ambao sitautaja. Ilikuwa karatasi moja, na mahali pa kuandika jinsi bei ilivyofikiwa palikuwa wazi kabisa.

Desemba mwaka huohuo wa 2020 daktari kijana wa Kenya alifariki kwa Korona akiwa ameajiriwa kwa mkataba na hajalipwa mshahara kwa miezi kadhaa. Fedha ya barakoa za ghalani ilipatikana, lakini mshahara wa aliyezihitaji haukupatikana.

7. Kijana wa Rongai

Mzee Mhasibu amesema kweli tupu. Sisi vijana tulishika mabango barabarani Agosti 2020 na polisi wakatutawanya kwa gesi ya kutoa machozi, eti tunakusanyika na kueneza maradhi. Jina la mamilionea wa Korona, yaani waliotajirika kwa zabuni hizo, halikutoka hewani.

Ila nina swali kwa Fundi Maabara, na nauliza kwa nia njema kwa sababu naona amekaa upande wa kampuni tangu asubuhi. Moderna ilipokea takriban dola bilioni 1 za serikali ya Marekani kwa majaribio ya chanjo yake, kisha dola bilioni 1.5 za kununua dozi za kwanza. Pfizer iliuza chanjo yake ya Korona kwa zaidi ya dola bilioni 36 mwaka 2021 pekee, na mshirika wake BioNTech alikuwa amepewa euro milioni 375 na serikali ya Ujerumani. Mlipakodi akilipia utafiti kisha akalipia na bidhaa, analipa mara ngapi?

8. Fundi Maabara

Kijana, sijakaa upande wa kampuni, nimekaa upande wa chupa yenye kitu kinachofanya kazi ndani yake. Fedha za umma zilitumika, na serikali zilipaswa kuweka masharti makali zaidi kabla ya kuzitoa. Katika hilo nakuunga mkono. Lakini kumbuka kwamba Moderna na BioNTech zilikuwa zimekaa miaka na miaka zikihangaika na mRNA, teknolojia iliyozaa chanjo hizo, bila kuuza hata bidhaa moja, na walioweka fedha zao hapo walifanya hivyo wakitarajia faida. Ukiondoa tarajio hilo, unipe jibu la nani atakayefanya kazi hiyo kwa miaka kumi isiyo na mlipuko wowote. Sisemi hakuna jibu. Nasema jibu linagharimu fedha, na bajeti zetu haziitengi.

9. Duka la Dawa Mwanza

Naomba na sisi wa rejareja tusikike, maana mnataja bilioni tu.

Machi 2020, siku mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Tanzania, nilikuwa na maboksi machache ya barakoa ambayo yalikuwa hayatoki, wanunuzi wake walikuwa mafundi rangi na wauza nafaka. Kufikia jioni yalikuwa yamekwisha. Nilipompigia muuzaji wangu wa jumla wa Dar es Salaam, bei ilikuwa imepanda mara kadhaa, na alinieleza kwamba hatoi risiti, nikitaka nitume fedha kwanza. Nilitafakari sana. Kama nisingechukua, wateja wangu, wakiwemo wauguzi wa zahanati ya jirani waliokuwa hawajapewa chochote, wangekosa kabisa. Nikichukua, nitauza kwa bei ambayo mtu wa kawaida ataniita mwizi. Nilichukua. Baada ya wiki chache mafundi cherehani wa mtaani walianza kushona barakoa za vitenge, na hao ndio walioishusha bei, si mamlaka yoyote.

Kisha zikaja Azuma, na hapo nazungumzia azithromycin kwa jumla. Watu walinunua kwa ushauri wa ujumbe wa WhatsApp, wakaweka ndani kwa ajili ya familia nzima. Hydroxychloroquine nayo ikawa hivyohivyo. Nina mteja mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, anayeitumia kila siku, na kuna kipindi alizunguka mji mzima asiipate. Tangawizi na malimao sokoni yakapanda kwa namna hiyohiyo, kwa sababu ya kujifukiza.

Kwa hiyo, Wakili, meza ya biashara unayoisema ipo hata kwenye duka la futi kumi kwa kumi, na mimi nilikaa upande mmoja wa meza hiyo.

10. Mzee wa Mlalo

Sisi wa Lushoto tangawizi ilitusomeshea watoto mwaka ule, mtusamehe. Lakini ningependa kujua kama zile dawa za asili nazo hazikuwa biashara. Ndege ilitumwa Madagaska Mei 2020 kuleta kinywaji cha pakanga, Rais wa nchi ile akiwa ndiye aliyekizindua. Hapa kwetu zikafuata Covidol, Nimricaf, Bupiji. Nazo ziliuzwa dukani, hazikugawiwa bure.

11. Fundi Maabara

Mzee, umegusa kidonda. Tunaikosoa kampuni ya nje kwa kufanya majaribio na kuficha mkataba, lakini za kwetu nyingi ziliuzwa kabla ya majaribio yoyote yaliyochapishwa kuonyesha kwamba zinatibu Korona. Sina chuki na mitishamba. Pakanga imetupa artemisinini, msingi wa dawa za malaria tunazotegemea leo. Lakini njia iliyotoka kwenye jani hadi kwenye kidonge cha malaria ilikuwa ndefu na yenye ushahidi. Chupa ikiuzwa kwa kutumia hofu ya mnunuzi, ni biashara ileile, tofauti ni kwamba muuzaji tunaijua lafudhi yake.

12. Bint Makunduchi

Assalaam aleikum. Mimi nilikuwa nafanya kazi hotelini upande wa mashariki wa Unguja, na ninaona mjadala umesahau wafanyakazi.

Machi 2020 hoteli yetu ilifungwa, tukaambiwa tuende nyumbani bila malipo. Mvuvi hakuwa na wa kumuuzia pweza, msusi hakuwa na mteja, mama aliyekuwa akituuzia urojo akakunja meza. Serikali ilifungua anga Mei, na kuelekea mwisho wa mwaka ndege za kukodi kutoka Urusi na Ukraine zikaanza kumiminika, kwa sababu sisi tulikuwa miongoni mwa sehemu chache duniani zilizopokea wageni bila masharti mazito. Tulifurahi. Sitasema uongo kwamba hatukufurahi. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimeacha kutolewa tangu kati ya mwisho wa Aprili na mapema Mei, zikiwa zimesimama kwenye watu 509 na vifo 21, na kila mtu katika sekta ya utalii alijua kwamba kimya hicho kilikuwa kinaleta wageni.

Halafu mapema 2021 tukaanza kuzika. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, chama chake kilitangaza kwamba ameugua Korona, na Februari akafariki, Allah amrehemu. Kijijini kwetu watu walikufa kwa kile kilichoitwa homa ya mapafu na hakuna aliyeuliza zaidi. Hivyo nauliza: maslahi ya biashara yaliyotuweka pale ni ya nani? Ni ya mwenye hoteli aliyeko Ulaya, ya serikali iliyohitaji fedha za kigeni, au ni yangu mimi niliyekuwa na watoto wa kulisha? Nadhani ni yote matatu, lakini waliokufa walitoka upande mmoja.

13. Kaka wa Durban

Dada, umesema jambo zito. Huku ilikuwa kinyume chake na bado mgogoro ukawa uleule. Serikali ilipiga marufuku uuzaji wa pombe na sigara tangu mwisho wa Machi 2020. Hospitali zilisema wodi za majeruhi zilipungukiwa na watu waliochomwa visu na waliogongwa na magari, vitanda vikapatikana. Kampuni za bia zikalia kuhusu ajira, British American Tobacco ikaenda mahakamani, na marufuku ya sigara ikaondolewa Agosti. Desemba mahakama ya Western Cape ikaamua kwamba ilikuwa kinyume cha katiba. Nami niliona kwa macho yangu kwamba sigara hazikukoma kuvutwa. Zilihamia kwa wauzaji wa magendo, kwa bei mara kadhaa ya ile ya zamani. Hivyo hata ukimzuia mfanyabiashara mmoja, unaweza kuwa unamfungulia mwingine asiyelipa kodi wala kukaguliwa.

14. Mama Kivu

Habari zenu ndugu wa Afrika Mashariki. Naandika kutoka Butembo, mashariki mwa Kongo. Nyinyi mlijifunza haya kwa Korona, sisi tulikuwa tumekwisha kuyajua kwa Ebola.

Mlipuko wetu ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ukaisha Juni 2020, ukiwa umeua watu zaidi ya 2,200. Waliokuja kutusaidia walikuja na magari mengi kuliko tuliyowahi kuyaona. Na kwa kuwa hawakuwa na ya kutosha, walikodi. Shemeji yangu alikuwa na jeepu kuukuu ambayo alikuwa karibu kuiuza. Alipoikodisha kwa timu moja, kodi ya mwezi mmoja ilizidi mshahara wa mwalimu wa mwaka mzima. Nyumba zikapanda kodi, wapangaji wa kawaida wakatolewa. Wakuu wa vikosi wakalipwa ili kusindikiza misafara. Watu wakaanza kusema kwamba Ebola ni biashara, na pale waliposema hivyo, wakaacha kuwapeleka wagonjwa wao kwenye vituo.

Mnaelewa ubaya wake? Fedha haikuchelewa kufika kama kwenu, ilifika nyingi mno, mahali palipouawa watu kwa miaka mingi bila mtu yeyote kuleta hata gari moja. Mtu aliyepoteza watoto kwa panga akaona dunia imekuja kwa sababu ya ugonjwa huu tu, akajiuliza wananufaika na nini. Vituo vikachomwa, wahudumu wakauawa, nao wengi wao walikuwa watoto wetu wenyewe. Waziri wa Afya, Oly Ilunga, alijiuzulu Julai 2019 baada ya Rais kumwondoa kwenye uongozi wa mapambano, akipinga pia shinikizo la kuletwa kwa chanjo ya pili, ya Johnson & Johnson, na mwaka uliofuata akahukumiwa kwa ubadhirifu wa fedha za Ebola. Nani angewaamini wakubwa baada ya hapo?

15. Kijana wa Rongai

Mama, pole sana. Hili la fedha nyingi kuua imani sikuwahi kulifikiria, na linapingana kidogo na hoja ya uzi huu kwamba tatizo ni kunyimwa.

16. Mhasibu Mstaafu

Linapingana na hoja ya Wakili, haliipingi yangu. Fedha ya dharura isiyo na mkaguzi hufanya kazi ileile ikiwa Butembo au Nairobi.

Hata hivyo nina jambo lisilokaa vizuri na maelezo yangu mwenyewe. Machi 2022 Moderna ilitia saini na serikali ya Kenya makubaliano ya kujenga kiwanda cha chanjo cha dola milioni 500. Tulipiga makofi. Aprili 2024 ikasema imesimamisha mpango, kwa sababu mahitaji ya chanjo ya Korona Afrika yamepungua na tangu 2022 haijapata oda yoyote kutoka barani. Aspen nayo, iliyopata leseni ya kuuza chanjo ya Johnson & Johnson kwa jina lake, haikupata mnunuzi. Hapo hakuna aliyeiba. Serikali zetu zilizolalamika kwamba Afrika inaagiza asilimia 99 ya chanjo zake, na zikaazimia kutengeneza asilimia 60 ifikapo 2040, hazikununua ilipotengenezwa hapahapa, kwa sababu kulikuwa na chanjo za bure za msaada. Je, mfanyabiashara alaumiwe kwa kutouza kisichonunuliwa?

17. Wakili wa Pwani

Mzee, alaumiwe kwa kuja wakati wa njaa umekwisha. Kiwanda kilihitajika 2021.

Niongeze jambo ambalo bado liko mezani. Mwaka 2007 Waziri wa Afya wa Indonesia, Siti Fadilah Supari, alikataa kutoa sampuli za homa ya mafua ya ndege, kwa sababu nchi yake ilikuwa ikitoa virusi bure na kuuziwa chanjo iliyotokana navyo kwa bei isiyoimudu. Alilaumiwa kwa kuhatarisha dunia. Lakini mwaka 2011 makubaliano ya kugawana sampuli za mafua na manufaa yake yakapitishwa, na Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha mkataba wa majanga wenye wazo hilohilo: kampuni zinazoshiriki zitenge asilimia 20 ya uzalishaji kwa Shirika la Afya Duniani wakati wa janga, na angalau nusu yake itolewe bure. Kiambatisho cha namna ya kulitekeleza ndicho kilichoachwa kijadiliwe baadaye, na ndicho chenye fedha.

18. Mama Kivu

Wakili, Kongo ina mfano wa hilo. Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit. Kutoka kwenye damu ya mtu mmoja aliyepona, Profesa Muyembe na wenzake wa Marekani wakapata kingamwili, yaani protini ya mwili inayopambana na virusi, ambayo ikaja kuwa dawa iitwayo mAb114. Ilijaribiwa huku kwetu Kivu, juu ya wagonjwa wetu, na ikaokoa wengi waliofika mapema. Leseni ikaenda kwa kampuni ya Miami, Ridgeback Biotherapeutics, na Marekani ikaiidhinisha Desemba 2020. Damu ni ya Kikwit, wagonjwa wa majaribio ni wa Beni na Butembo, na hati ya umiliki iko ng'ambo. Ninashukuru dawa ipo. Ilipotokea Ebola ya Bulape, hukuhuku Kongo, Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani liliweza kuituma. Lakini tumekuwa tukiipokea kama msaada, wakati nusu yake ni yetu.

19. Fundi Maabara

Mama, sina cha kupinga kuhusu haki. Ninachosema ni kwamba kingamwili ile ilihitaji watu wa kuibeba hadi kwenye idhini, na gharama kubwa ililipwa na serikali ya Marekani. Wasingejitokeza, leo ingekuwa makala ya kisayansi tu.

20. Mwana wa Mubende

Nimewasoma kimya tangu jana, naomba nimjibu Fundi kwa yaliyotupata Uganda.

Septemba 2022 Ebola aina ya Sudan iliingia Mubende, kwetu. Chanjo iliyotumika Kivu haizuii aina hiyo. Za majaribio zilikuwepo, lakini hakuna iliyokuwa imesukumwa hadi mwisho kwa sababu milipuko ya aina hiyo ni michache, wagonjwa ni wanakijiji, na hakuna nchi tajiri iliyokuwa tayari kuinunua kwa wingi. Kampuni kubwa iliyokuwa nayo moja iliiachia taasisi isiyo ya faida. Tulitegemea karantini, maji ya klorini na kufuatilia waliogusana. Walithibitika watu 142, wakafa 55, wakiwemo wahudumu wa afya. Chanjo za majaribio ziliteremshwa Entebbe Desemba, wakati mgonjwa wa mwisho alikuwa amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Januari 2025 ugonjwa uleule ulirudi, safari hii Kampala, na aliyefariki kwanza alikuwa muuguzi. Majaribio ya chanjo yalianza baada ya siku nne tu tangu mlipuko kutangazwa, kwa sababu vichupa vilikuwa vimeshahifadhiwa nchini kwa fedha za wafadhili na taasisi zisizo za faida. Kwa hiyo, Fundi, uliuliza ni nani atakayefanya kazi kwa miaka isiyo na mlipuko. Hapa kuna waliofanya, na soko lilikuwa halijabadilika hata kidogo. Ningependa kujua unaipangaje kesi hii katika maelezo yako.